Shajara ya Masika: Uporoto, Kitulo na Mufindi

Jumapili, 6 Oktoba 2024. Mbeya mjini

Mijakaranda ya mjini imechanua, na kutwa nzima watu wanapita chini yake wakipigana picha. Ni miti mizuri, lakini asili yake ni Amerika Kusini, na kila mmoja ulipandwa na mtu. Maua ninayoyangoja mimi hayapandwi. Yanatoka yenyewe milimani, kila aina kwa zamu yake, kuanzia sasa hadi Aprili.

Juu ya mji, mlima Loleza ni mweusi. Moto wa kiangazi umepita kila mahali, na vumbi la Oktoba limefunika mabati ya nyumba zote hadi Uyole. Mgeni akitazama atadhani nchi imekufa. Jioni Bibi amepiga simu kutoka milima ya Uporoto. Tumesalimiana kwa kituo, kama apendavyo, mpaka amemaliza kuulizia kila mtoto. Kisha akasema, "Nyota za njano zimeshatoka kwenye majivu. Mjomba wako ameanza kuchagua mbegu ya viazi. Mnakuja lini?"

Hiyo ndiyo kalenda yake. Nyota za njano ni vile viua vidogo vyenye ncha sita vinavyotangulia mvua, katikati ya nyasi zilizoungua. Vikionekana, mbegu ya viazi itolewe stoo, samadi isombwe zizini, na paa la jiko lizibwe matundu. Hakuna aliyemfundisha kwa kitabu, na hakuna aliyeandika anachokijua. Ndiyo maana nimenunua daftari hili. Msimu huu nitaandika maua kwa mpangilio wake, na kazi za nyumbani zinazokwenda nayo.


Jumamosi, 19 Oktoba. Uporoto

Tulipanda Noah ya Tukuyu hadi Isyonje, tukamalizia kwa bodaboda. Baridi ya huku haina msamaha hata Oktoba. Watoto wamelala na makoti.

Leo tumechuma pareto na mke wa mjomba. Shamba liko nyuma ya nyumba, kwenye mteremko, nalo ni jeupe kuanzia kwenye migomba michache ya chini hadi kwenye uzio wa mikaratusi. Ukilitazama kwa mbali utasema ni bustani ya mapambo, kumbe ndiyo ada ya shule ya nyumba hii.

Nimejifunza upya namna ya kuchuma. Vidole viwili vinapita chini ya kichwa cha ua, dole gumba linasukuma, kichwa kinakatika bila kikonyo. Kikonyo kikiingia kwenye kapu kinapunguza ubora, na mnunuzi anashusha bei. Ua la kuchuma ni lile ambalo petali zake nyeupe zimelala bapa na duara la njano katikati limeanza kufunguka, mstari baada ya mstari kuelekea ndani. Likiwa bado limefumba, dawa haijatosha. Likiwa limenyauka, imeshapotea. Dawa inayoua wadudu haimo kwenye petali nyeupe zinazopendeza macho, imejaa kwenye ule moyo wa njano, kwenye vijimbegu vyake.

Tukijaza kapu tunamwaga kwenye vichanja na kutandaza pasipo kulundika. Maua yakilundikana yanapata joto, yanaoza. Kilo nne au tano za maua mabichi hutoa kilo moja ya makavu. Mvua ya ghafla ikinyesha, kila aliye nyumbani anakimbilia vichanja kwanza, nguo zilizoanikwa baadaye. Makavu huchukuliwa na mawakala hadi kiwandani Mafinga, kule Mufindi, ambako dawa hukamuliwa na kupelekwa nje ya nchi.

Pareto nayo ni mgeni. Asili yake ni pwani ya Dalmatia, huko Kroatia ya leo, na ilianza kulimwa Tanganyika miaka ya 1930. Lakini imeipenda baridi ya huku. Bila baridi ya Juni na Julai haitoi vichwa. Baridi ile ile inayotesa majani ya viazi ndiyo inayoijaza pareto maua.

Mjomba alikuja jioni kukagua vichanja. Aliokota kichwa kimoja, akakisaga kwenye kiganja, akanusa. "Hili ua ni mshahara," alisema. "Ukilichuma kichwa, wiki mbili tatu linakuletea kingine. Miaka mitatu na zaidi linakulisha mahali pale pale. Ila uliache na mzizi wake."


Jumamosi, 16 Novemba. Uporoto

Mvua! Ilianza juzi usiku kwa radi kutoka upande wa mlima Rungwe, na tangu hapo haijakata. Niliposikia kwa simu kwamba imenyesha vizuri nikapanda gari jana mchana baada ya vipindi vya shule.

Asubuhi hakuna aliyebaki ndani. Mjomba na kijana wake walishika matuta ya viazi, wanawake tukaenda kwenye maharage, watoto wakapewa kazi ya kudondosha mbegu. Bibi alikaa kwenye kigoda ukingoni mwa shamba, sweta juu ya sweta, akikata mbegu kubwa za viazi katikati na kupaka majivu pale palipokatwa ili zisioze. Macho yake hayafai tena kusoma, lakini kidole chake hakikosei jicho la kiazi.

Saa nne tulipopumzika kwa chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha, alimtuma mwanangu mdogo akaangalie kando ya kijito kama "mpira mwekundu" umetoka. Mtoto akarudi anakimbia: upo! Tukaenda wote. Lilikuwa bua nene, halina jani hata moja, limebeba duara la maua mekundu membamba kama sindano, kubwa kuliko ngumi ya mtu mzima. Pembeni yake nyasi mpya zilikuwa hazijafika hata kwenye kifundo cha mguu. Bibi anasema likishaonekana, mahindi ya huku juu yawe yameshaingia ardhini, kwa sababu baridi ya Mei haimsubiri aliyechelewa kupanda. Mtoto alitaka kulichuma. Bibi akamkataza kwa upole: "Liache, mjukuu wangu. Sumu yake ni kali, na wenzako nao wanataka kuliona."

Mbayuwayu wamerudi. Kule kwenye uwanda wa Kitulo, kama mwendo wa nusu siku kutoka hapa, huja mbayuwayu wa buluu, ndege wanaozidi kupungua. Hutaga kwenye mashimo ya ardhini humo humo kwenye nyasi, na mvua zikiisha huondoka kuelekea upande wa Uganda na ziwa Viktoria. Nyasi zinazotoa maua ndizo zinazowaficha wao na makinda yao.


Alhamisi, 26 Desemba. Uporoto

Krismasi imepita salama. Nyumba ilijaa. Shangazi alitoka Mafinga, kaka alitoka Dodoma, na watoto walilala sebuleni wamepangana kwenye mkeka mmoja. Tulipika kande, kuku wawili, na njegere mbichi za shambani. Jana mchana jua lilitoka kidogo, kila mtu akatoka nje, na mteremko wote unaotazamana na nyumba ulikuwa umebadilika rangi: njano juu, waridi kwenye unyevu wa chini, na michirizi ya rangi ya chungwa kwenye chemchemi.

Leo asubuhi nililikuta debe nyuma ya jiko. Lilikuwa limejaa nusu, viazi vidogo vyenye vinyweleo, udongo bado mbichi. Nilivifahamu. Ni chikanda, viazi vya okidi za porini.

Kijana wa mjomba alijibu bila kuficha. Yeye na rafiki zake wanachimba kwenye nyasi za wazi kijiji cha pili. Kuna mtu anapita na pikipiki, ananunua kwa debe, anapeleka Tunduma, na kutoka hapo mzigo unavuka hadi Nakonde na miji ya ndani ya Zambia. Anataka kununua vitabu na sare, mwakani anaingia kidato cha nne. Aliyasema hayo kwa heshima, amesimama, mikono nyuma. Hakuwa mwizi, na mjomba hakumtendea kama mwizi.

Tulikaa sebuleni kama familia. Shangazi alieleza anavyoijua biashara hiyo. Zambia, hasa kwa Wabemba, chikanda ni chakula cha zamani. Viazi hukaushwa, husagwa, hupikwa pamoja na unga wa karanga, pilipili na magadi mpaka viwe kipande kigumu cha kukata kwa kisu. Zamani akina mama walichimba kidogo karibu na nyumbani, mboga ya siku moja. Miji ilipokua na watu wengi wakakipenda, nyanda zao zikaisha chikanda, na wanunuzi wakavuka mpaka kuja kwetu. Utafiti uliofanyika Nyanda za Juu Kusini mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikadiria kwamba viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikivushwa kwenda Zambia kila mwaka. Na kiazi kimoja ni mmea mmoja.

Kijana akasema jambo ambalo sitalisahau: "Lakini yale maua yanatusaidia nini sisi? Wanaokuja kuyaangalia wanapita na magari, hawasimami hapa."

Hakuna aliyemjibu haraka. Ni swali la haki. Nimeliandika hapa ili kila ukurasa unaofuata ulitazame.


Ijumaa, 27 Desemba. Uporoto

Mvua ya usiku imebomoa ukingo wa njia iendayo kisimani, na mmea mmoja wa chikanda umebaki unaning'inia, mizizi nje. Niliwaita watoto wote na kijana wa mjomba akaja nao.

Juu lilikuwa ua la okidi la rangi ya waridi, maua madogo madogo yamepangana kwenye bua moja, na kila ua lina mikia miwili midogo nyuma yake. Chini, mahali shina linapoanzia, kulikuwa na viazi viwili. Kimoja kimesinyaa, kina mikunjo, kinabonyea ukikishika. Hicho ndicho kilicholisha bua na maua ya mwaka huu, na kazi yake imekwisha. Cha pili kilikuwa kigumu, cheupe, kimejaa maji na wanga. Hicho ni cha mwakani. Mmea unajiwekea akiba ya msimu ujao wakati ule ule unapochanua.

Mchimbaji hachukui kile kilichosinyaa, hakina kitu. Anachukua kigumu. Kwa hiyo anayechimba chikanda anabeba mwaka ujao na kuacha mwaka uliokwisha.

Kijana alivishika vyote viwili, akavigeuza. Akauliza kama mbegu zake haziwezi kupandwa kama pareto. Nilimweleza ninachokijua kutokana na kufundisha biolojia. Tumba moja la okidi lina mbegu maelfu, ndogo kama vumbi, lakini mbegu hizo hazina chakula chochote ndani. Haziwezi kuota mpaka zikutane na aina fulani ya kuvu waishio kwenye udongo huo huo, wazilishe. Hata zikiota, hupita miaka kabla ya ua la kwanza. Shamba la chikanda si kitu cha kuanzisha kwa msimu mmoja nyuma ya nyumba.

Yeye mwenyewe alichimba shimo juu zaidi, pasipofikiwa na maji, akaurudisha mmea na kiazi chake kigumu, akakandamiza udongo kwa kiganja. Jioni nilimsikia akimweleza baba yake juu ya kiazi cha mwakani. Mjomba akamwambia debe lile halitauzwa, na vitabu atavinunua yeye kwa pesa ya pareto ya Januari. Pia akampa kipande cha shamba pembeni mwa kichanja, apande pareto yake mwenyewe mvua hizi hizi.


Jumamosi, 11 Januari 2025. Kitulo

Shule zinafunguliwa Jumatatu, kwa hiyo tumeitumia Jumamosi ya mwisho. Tulikodi gari dogo la ndugu, tukapita Isyonje hadi Kikondo, tukapanda. Kijana wa mjomba tulikuja naye. Bibi alikataa kubaki.

Barabara ya upande wa pili, ile ya kutoka Chimala kwenda Matamba, watu wanaiita Hamsini na Saba kwa kona zake. Ya kwetu haina kona nyingi hivyo, lakini ina utelezi. Kwenye ubao wa TANAPA Bibi aliomba asomewe yote. Hifadhi ya Taifa Kitulo ilitangazwa mwaka 2005, na ina eneo la kilomita za mraba karibu 413. Ndiyo ya kwanza katika Afrika ya tropiki kutangazwa hasa kwa ajili ya mimea yake. Wenyeji walikuwa wameshaiita Bustani ya Mungu kabla ya ubao wowote. Mwingereza Frederic Elton aliyepita huku mwaka 1877 alistaajabia maua haya, na kwa muda mrefu ramani za wakoloni ziliita uwanda huu kwa jina lake. Jina la Kitulo limeshinda, na ni haki.

Uwanda wenyewe uko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Hakuna miti. Ni nyasi na upepo na mawingu yanayotembea usawa wa magoti. Na maua: aina za mimea zinazokadiriwa kufika 350, zikiwemo okidi za ardhini 45.

Tulitembea kwa miguu na askari wa hifadhi mbele. Nilimshika Bibi mkono. Kwenye tope la bonde kulikuwa na yale ya rangi ya chungwa yaliyosimama wima, bua moja limejaa vijiua vinavyoelekea chini, ndege wa chozi wakiyanyonya mmoja baada ya mwingine. Pembeni kulikuwa na mikunde ya zambarau, nyota nyeupe zilizolala bapa, na irisi za zambarau zenye doa la njano. Okidi tulizikuta kila hatua: za waridi zenye mikia miwili kama ile ya kisimani, nyingine za kijani zenye mdomo uliochanika nyuzi nyuzi, nyingine nyeupe. Bibi hakuinama kuchuma hata moja. Aliinama kushika udongo, akaufinyanga kidogo. Ni ule ule mweusi wa majivu ya volkano tunaolimia viazi kwetu, akasema, ila huku haujachoka.

Nilimuuliza askari swali la kijana wa mjomba: maua haya yanawasaidia nini walio chini? Alituonyesha kwa mkono bonde la kaskazini. Nyasi hizi na mizizi yake hunyonya mvua na kuiachia polepole. Vijito vinavyotoka hapa vinashuka Usangu, vinaingia Ruaha Mkuu, vinafika bwawa la Mtera na la Kidatu, vinazungusha mitambo ya umeme, na maji yake yanaishia Rufiji. Mpunga wa Mbarali unaouzwa Mbeya mjini unanyweshwa na mteremko huu. Nyanda zikichimbwa mashimo mashimo na udongo ukabaki wazi, mvua itashuka yote kwa siku moja na kiangazi mito itakauka.

Kijana alisikiliza. Aliuliza kama askari wa hifadhi huajiriwa kutoka vijiji vya hapa, na anahitaji kufaulu masomo gani. Wakaongea muda mrefu wawili hao, sisi tumetangulia.

Tuliporudi kwenye gari ukungu ulikuwa umefunga. Mjomba hajawahi kuiona Kitulo ingawa amezaliwa jirani yake. Bibi amesema mwakani Mjomba ndiye atakayepelekwa.


Jumapili, 2 Februari. Mbeya mjini

Mwezi huu ni mgumu kila nyumba ya mlimani. Stoo zimepungua, mahindi mapya bado, na viazi vya mapema vinaondoka shambani kwa lumbesa, kwa bei ya mnunuzi. Mama anaishi nasi wiki hizi kwa matibabu, na amegeuza ua wetu mdogo wa mjini kuwa shamba la maboga.

Leo amepika majani ya maboga kwa karanga, na maua yake ndani. Nilimtazama akichuma. Anapita asubuhi maua yakiwa yamefunguka, anachuma yale tu yenye kikonyo kirefu chembamba. Yale yenye kijiboga kidogo kilichovimba chini ya petali, mikono yake haiyagusi. "Haya ni madume," alimwambia mwanangu, "yameshamaliza kazi, tunakula. Haya yenye mtoto tunayaacha, tutakula boga." Na hata madume hachumi yote, huacha machache kila mtambaa ili nyuki wapate chavua.

Nimekaa na hilo. Mama hajawahi kusikia habari za hifadhi wala mikataba, lakini anajua ni ua lipi la kula na ni lipi la kuacha. Elimu hii ipo kwenye kila nyumba ya Nyanda za Juu. Inapotea mnunuzi anapokuja na pesa taslimu na kutaka kila kitu kwa debe.


Jumamosi, 29 Machi. Mufindi

Sikukuu ya Idd inakaribia, nikaunganisha siku nikaja kwa baba zangu, Iringa. Salamu za "Kamwene" kuanzia stendi ya Mafinga. Kijiji chetu kiko ng'ambo ya mashamba ya chai, kwenye ukungu. Wilaya ya Makete, iliko Kitulo, nayo ilikuwa ya mkoa huu huu wa Iringa hadi Njombe ilipotangazwa mkoa mwaka 2012, na ndiyo maana wazee wa hapa bado wanaisemea Kitulo kama ya kwao.

Masika huku ni msimu wa ulanzi, kinywaji cha mianzi. Baba Mkubwa ana shina la mianzi nyuma ya nyumba alilolirithi. Alfajiri nilimfuata. Anachagua chipukizi lililofika kimo cha mtu, anakata ncha kwa kisu kikali sana, mkato mwembamba wa mshazari, kisha anafunga chini yake kipande cha mwanzi mkavu kikinge utomvu. Asubuhi na jioni anarudi, anamwaga kilichokusanyika, anakata tena unene wa kucha ili jeraha lisifunge. Uliotoka sasa hivi ni mtogwa, mtamu, hata watoto wanaonjeshwa. Ukikaa unachachuka na kuwa mkangafu, na huo si wa watoto.

Nilimuuliza kama chipukizi haliumii. Alisema chipukizi alilokata halitakuwa mwanzi mkubwa, hilo analijua. Ndiyo maana katika kila shina anagema machache na kuacha mengine yakue. "Shina hili nililikuta kwa baba yangu. Yeye aligema na mimi nagema. Mgemaji mwenye tamaa ana mianzi ya miaka miwili tu."

Mchana mvua ilikatika nikatembea kando ya msitu na Shangazi. Chini ya miti, kwenye maporomoko madogo, kulikuwa na maua mekundu na ya waridi yenye mikonyo ya maji maji, kila moja na mkia mmoja mwembamba nyuma. Mahali pa wazi pa jua tulikuta ule mtambaa wa petali zilizokunjamana, nyekundu juu na njano chini, unaoshikilia nyasi kwa ncha za majani yake. Shangazi aliwaonya watoto: kiazi cha mmea huu kinaua. Kila mtoto wa huku anafundishwa hilo kabla ya kujua kusoma.

Jioni simu ya Mjomba. Pareto ya kijana imeshika, miche mingi hai. Na jambo jingine: marafiki wawili aliokuwa akichimba nao chikanda wameomba miche kwake. Wa tatu amekataa, bado anachimba. Mwenye pikipiki bado anapita.


Jumapili, 6 Aprili. Mbeya mjini

Mvua zinapungua. Bibi amesema kwa simu kwamba okidi zimekauka, matumba yamepasuka, na vumbi la mbegu limeshapeperushwa. Viazi vyake viko salama chini, kwa pale palipobaki. Maua ya mwisho ni yale meupe makavu yasiyonyauka, yatakaa kwenye nyasi mpaka moto wa Agosti.

Nimesoma daftari hili tangu Oktoba na nimeona jambo moja linajirudia katika kila nyumba niliyoingia. Mke wa mjomba anachuma kichwa cha pareto na kuacha mzizi. Mama anachuma ua dume na kuacha lenye boga. Baba Mkubwa anagema chipukizi moja na kuacha shina. Nyumba hizi zimeishi na mimea kwa kuacha sehemu inayoleta kesho. Chikanda inayouzwa kwa debe ndiyo pekee inayoondoka na kila kitu, tena faida kubwa haibaki kwa anayechimba. Inabaki kwa wanaosafirisha.

Kijana wa mjomba aliuliza maua haya yanamsaidia nini. Jibu langu sasa ni hili: yanamshikia maji, yanamwonyesha siku ya kupanda, na yanaweza kumpa kazi ikiwa vijiji vinavyopakana na hifadhi vitapewa ajira na sehemu ya mapato yake kwa haki. Hilo la mwisho halitegemei maua, linategemea watu, na lazima lidaiwe. Huwezi kumwomba mtoto wa mkulima aache debe la chikanda huku pareto yake analipwa kwa kuchelewa.

Kwa hiyo naandika maazimio, na darasa langu la kidato cha pili litayasikia tukirudi darasani. Wanafunzi wataanza kalenda ya maua ya vijiji vyao, kila mmoja amuulize bibi au babu yake. Aliye na chikanda nyumbani asiichimbe na asiinunue, hata ikija imepikwa na kukatwa vipande sokoni. Na nyie wanangu, daftari hili likifika mikononi mwenu, pandeni milimani mwezi wa kwanza mkahesabu okidi wenyewe. Zikiwa zimepungua kuliko nilivyoandika hapa, msikae kimya.